Taa za Mbali

Usiku usio na mwezi, ukisimama juu ya mawe ya Mwanza, ziwa linageuka mji. Taa za wavuvi wa dagaa zimetapakaa mpaka macho yanapokoma. Zamani zote zilikuwa karabai, siku hizi nyingi ni za betri na sola. Enzi za karabai, mtu wa ziwani hakuhitaji kuuliza mtumbwi upi uko karibu. Mwanga wa karabai aliujua, kwa hiyo iliyofifia ndiyo iliyokuwa mbali.

Taa za mbinguni hazina wema huo. Nyota hafifu yaweza kuwa ndogo iliyo jirani, au jitu lililo mbali kupita kiasi. Aliyetupatia karabai ya mbinguni ni Henrietta Swan Leavitt, Mmarekani mwenye usikivu dhaifu, aliyelipwa senti 30 kwa saa katika kituo cha nyota cha Harvard. Kazi yake haikuwa kuchungulia darubini. Aliletewa vioo: picha zilizopigwa Arequipa, Peru, ambamo anga ni nyeupe na nyota ni vidoa vyeusi.

Nausifu mkono wake kabla ya kuisifu akili yake. Alichukua picha ya usiku mmoja iliyogeuzwa, nyota zikawa nyeupe, akailaza juu ya picha ya usiku mwingine. Nyota isiyobadilika ilifunikwa na mwenzake. Iliyoongezeka au kupungua mwanga ilijitokeza. Kisha alishika kijikioo chenye mpini, kilichotiwa vidoa vya vipimo vinavyojulikana, akakisogeza kando ya nyota mpaka akapata kinacholingana nayo, akaandika namba. Halafu nyota nyingine. Ndivyo sonara anavyoongeza punje kwenye mizani. Mwaka 1908 alichapisha orodha ya nyota badilifu 1,777 za Mawingu ya Magellan, yale mabaka mawili hafifu tunayoweza kuyaona upande wa kusini usiku wa giza totoro.

Mwaka 1912 akaja na nyota 25 tu za Wingu Dogo, zote za aina iitwayo Sefeidi, zinazong'aa na kufifia kwa mpigo. Kwa kuwa zimo katika wingu moja, umbali wake kutoka kwetu ni karibu sawa, kama mitumbwi iliyotega kundi moja. Basi iliyoonekana kung'aa zaidi ilikuwa kweli na mwanga zaidi. Na kila yenye mwanga zaidi ilichukua siku nyingi zaidi kumaliza mpigo wake. Hesabu siku, utajua nguvu ya taa. Jua nguvu ya taa, utajua umbali.

Saratani ilimuua Desemba 1921. Oktoba 1923 mwanaastronomia Edwin Hubble alikuta Sefeidi ndani ya Andromeda, akatumia kanuni ya Leavitt, na kile kilichodhaniwa na wengi kuwa wingu la gesi la hapa kwetu kikawa galaksi kamili. Leo tunaipima kuwa miaka-nuru milioni 2.5 kutoka hapa.

Jicho hilohilo la kupima mwanga ndilo linalotafuta sayari za nyota nyingine. Dunia ikipita mbele ya Jua, mtazamaji wa mbali atalikosa fungu moja tu kati ya 12,000 la mwanga wake. Darubini ya Kepler, iliyorushwa 2009, ilikodolea macho upungufu mdogo namna hiyo, na kwa njia hiyo sayari zaidi ya 2,600 zimethibitishwa.

Lakini moyo wangu uko kwenye Sefeidi, maana shauri lake halijaisha. Zikipimwa kwazo, galaksi hukimbia takriban kilomita 73 kwa sekunde kwa kila miaka-nuru milioni 3.26 ya umbali. Mwanga mkongwe uliobaki tangu utoto wa ulimwengu unaelekeza kwenye 67. Wako wanaoamini kuna jambo jipya limejificha katika pengo hilo, na wako wanaoshuku vipimo. Kwa hiyo darubini ya James Webb imeelekezwa kwenye Sefeidi zilezile zilizokwisha kupimwa, kuhakikisha kwamba katika msongamano wa galaksi za mbali mwanga wa nyota jirani haukuhesabiwa kuwa wake. Wanazipitia tena, moja moja.