PD MED ilivyozilinganisha dawa za Parkinson

Mtu akigundulika leo kuwa na Parkinson, aanzishiwe dawa gani? Levodopa ndiyo yenye nguvu kuliko zote, kwani ikifika kwenye ubongo hugeuka dopamini, kemikali ileile inayompungukia mgonjwa. Hata hivyo, kwa miaka mingi madaktari wengi waliiogopa. Waliona wagonjwa, baada ya kuitumia miaka kadhaa, wakianza kujinyonganyonga bila hiari, na dozi ikiisha nguvu kabla ya saa ya dozi nyingine. Wakaamua kuiweka akiba. Wakaanza na dawa zinazoiga dopamini, kama pramipeksoli na ropiniroli, au vizuizi vya MAO-B, kama selejilini na rasajilini, ambavyo huzuia kimeng'enya kisiiharibu dopamini iliyobaki.

Jaribio la PD MED la Uingereza, lililochapishwa katika jarida la Lancet mwaka 2014, liliyapambanisha makundi hayo matatu. Wagonjwa 1,620 waligawanywa kwa bahati nasibu. Daktari aliachiwa uhuru wa kuchagua dawa ndani ya kundi, na kuongeza nyingine hali ikidai, kama afanyavyo kliniki siku zote.

Uamuzi ninaouthamini zaidi ni wa kumpa mgonjwa mwenyewe mizani. Kipimo kikuu hakikuwa daktari kuhesabu mitetemo. Kilikuwa dodoso la PDQ-39, lenye maswali 39 kuhusu maisha ya kila siku: kutembea, kuvaa, kujihudumia, kuona aibu mbele za watu. Mtu anaweza kujinyonganyonga kidogo na bado akafurahia kwamba anaweza kwenda sokoni peke yake. Hesabu ya daktari pekee isingeliona hilo.

Walioanza na levodopa walitembea na kujimudu vizuri zaidi, ingawa tofauti ilikuwa ndogo: pointi 1.8 katika kipimo cha 100. Vizuizi vya MAO-B navyo havikuzidiwa na dawa zinazoiga dopamini. Kujinyonganyonga kulikuwa kwingi zaidi kwenye kundi la levodopa, lakini pengo kubwa lilikuwa kwenye kuacha dawa kwa sababu ya madhara: asilimia 28 ya waliopewa dawa zinazoiga dopamini, 23 ya waliopewa vizuizi, na 2 tu ya waliopewa levodopa.

Tarakimu hizo za mwisho zisomwe kwa uangalifu. Kila mtu alijua anameza nini, na aliyechoshwa na dawa nyingine alikuwa bado na levodopa ya kukimbilia. Aliyekuwa kwenye levodopa hakuwa na dawa yenye nguvu zaidi ya kuhamia. Isitoshe, wengi wa makundi mengine waliishia kuongezewa levodopa. Kilicholinganishwa hasa, basi, ni namna tatu za kuanza tiba.

Je, kuichelewesha levodopa huahirisha matatizo yake? Jibu zuri lilitoka Ghana. Watafiti waliwalinganisha wagonjwa wa huko, walioipata kwa kuchelewa, kwa wastani zaidi ya miaka minne tangu dalili zianze, na wa Italia walioipata mapema. Matatizo yalianza baada ya muda wa ugonjwa unaokaribiana. Umri wa ugonjwa na ukubwa wa dozi ndivyo vilivyohusika, si miaka ya kuitumia dawa.

Levodopa, ikiunganishwa na dawa ya karbidopa, imo katika orodha ya dawa muhimu ya WHO. Hata hivyo, katika utafiti wa wilaya ya Hai, Kilimanjaro, wengi wa waliokutwa na Parkinson hawakuwa wamewahi kuambiwa wanaugua nini. Kwa wagonjwa kama hao, hofu ya kuanza levodopa mapema mno si sababu ya kuwanyima dozi ya kwanza.