WATAALAMU WA AFYA SHIRIKISHI: UHAKIKI WA JINA NA KAZI

Katika zahanati zetu kila avaaye koti jeupe huitwa "dokta". Mwananchi hana kosa. Humheshimu anayemhudumia kwa jina alijualo. Swali ni la mfanyakazi mwenyewe: kwa nini tabibu au mteknolojia wa maabara aone fahari kuitwa kwa jina la kazi isiyo yake?

Chanzo ni historia. Ukoloni ulipanga utumishi wa afya kwa ngazi: juu daktari Mzungu, chini msaidizi Mwafrika, aliyetajwa kwa kile alichopungukiwa. Baada ya Azimio la Arusha la 1967, nguvu zilielekezwa vijijini, na waganga wasaidizi wa vijijini ndio waliobeba zahanati. Mwaka 1973 kampeni ya "Mtu ni Afya" ilionyesha kwamba afya ni kazi ya umma mzima. Hata hivyo ngazi ile ilibaki. Waliobadilika ni wakaaji wa juu.

Sheria ya mwaka 2017 inayosimamia madaktari na madaktari wa meno imewataja na wengine: wataalamu wa afya shirikishi. Kuwasajili na kuwawajibisha ni hatua ya mbele. Lakini jina hilo halisemi wanafanya nini; linasema wanafuatana na nani. Anayeshirikishwa amealikwa katika kazi ya mwingine.

Tupime jina hilo kwa hali halisi. Katika uchunguzi wa hospitali mbili za Moshi, mwaka 2007 hadi 2008, kati ya wagonjwa 870 waliolazwa kwa homa, 528 waliandikiwa malaria kwa kutazama dalili. Vipimo vilithibitisha malaria kwa 14 tu. Wengine walikutwa na maradhi mengine, yakiwamo yatokayo kwa mifugo kama brusela. Ukweli huo ulitoka maabara.

Sasa tutazame Baray, bonde la Ziwa Eyasi, wilayani Karatu. Mkulima wa vitunguu na mfugaji wakifika na homa, uhai wao hutegemea anayepima damu, anayesoma kipimo, anayetoa dawa na kueleza namna ya kuimeza. Kwao hakuna kazi ya pembeni hapo. Kipimo kikikosewa, hata bingwa atatibu ugonjwa usiokuwapo.

Kuna mielekeo miwili potofu. Wa kwanza ni kasumba ya kuiga ubwana: mfanyakazi huidharau kazi yake, hutamani cheo, na kumkaripia mgonjwa ili aonekane mkubwa. Wa pili hujifanya dawa ya wa kwanza: kila fani hujenga ukuta wake, ikilinda stahili zake na kusahau mgonjwa aliye katikati. Wote wawili humtafuta mfanyakazi katika ngazi, wala hawamtafuti katika kazi.

Mwongozo wa TANU wa 1971 ulikataza majivuno na dharau kwa viongozi. Agizo hilo linamhusu pia daktari anayemwita mtu wa maabara kama anayemwita tarishi. Heshima bila vitendanishi, darubini na mafunzo ni maneno matupu. Basi makada wa kata, katika vikao vya kujadili zahanati, waulize habari za maabara na dawa kama wanavyouliza habari za daktari. Na vyuo vimfundishe kijana kujibu bila haya aulizwapo yeye ni nani: mimi ndimi nipimaye damu ya wananchi.