Zima Spika Kwanza: Namna ya Kupima Sauti ya Kanisa Kongwe Lililokarabatiwa

Kanisa la zamani likimaliza kukarabatiwa, wageni wa siku ya uzinduzi hutazama rangi, vigae na taa. Mimi huomba spika zizimwe. Misheni za kwanza kusini mwa Ziwa Victoria, kama Bukumbi iliyoanzishwa mwaka 1883, zilihubiriwa kwa koo tupu, na mkarabati anayeliheshimu jengo la aina hiyo hulirudishia kwanza uwezo wake wa kusikika bila umeme.

Anza na kofi. Simama mbele ya altare kanisa likiwa tupu, piga kofi moja kavu, usikilize linavyokufa. Likififia taratibu na kwa ulaini, hiyo ni dalili njema. Likirudi kama kofi la pili, kuna ukuta wa mbali unaolirudisha: sauti husafiri karibu mita 340 kwa sekunde, na inayochelewa kwa safari ya ziada ya mita 17 au zaidi huanza kusikika peke yake. Likitetemeka kwa kasi, jua kwamba kuta mbili laini zinazotazamana zinarushiana sauti.

Kisha keti benchi la pili kutoka nyuma, karibu na nguzo, umwombe katekista asome bila maiki. Asisome Injili. Tunaijua mno, na sikio hujaza lisichosikia. Asome matangazo ya ndoa: majina ya wachumba, ya wazazi wao na ya vigango wanakotoka. Jina la mtu usiyemjua halikisiwi. Ukilipata lote, pamoja na jina la baba, fundi amefanya kazi.

Sababu ya yote haya iligunduliwa na Wallace Sabine wa Chuo Kikuu cha Harvard, aliyepewa mwaka 1895 ukumbi wa mihadhara ambamo neno moja lilivuma kwa zaidi ya sekunde 5. Alitumia dirisha lililo wazi kama kipimo, kwa kuwa sauti ikishatoka nje hairudi. Kanuni yake yafaa kila mjumbe wa kamati ya ujenzi aijue: zidisha ujazo wa jengo kwa 0.16, ugawanye kwa mita za mraba zinazomeza sauti. Tuchukue kanisa la mita 30 kwa 12, lenye kimo cha mita 8. Likiwa na mita za mraba 100 za kumeza, 40 kati ya hizo zikiwa madirisha wazi, sauti huvuma sekunde 4.6. Ziba madirisha hayo kwa aluminiamu na vioo, nayo itapita sekunde 7. Pesa imetumika, hewa ya ziwa imefungiwa nje, na padre haeleweki. Kwangu, hakuna kosa la ukarabati linaloumiza kuliko hili, maana kuliepuka kulihitaji tu kuacha kitu kama kilivyokuwa.

Waumini nao humeza sauti, kila mmoja karibu nusu mita ya mraba, kwa hiyo rudia jaribio la matangazo Jumapili kanisa likijaa.

Gusa ukuta. Lipu ya chokaa ina vinyweleo na huupa ukuta wa zamani nafasi ya kupumua. Saruji iliyopakwa rangi ya mafuta huvifunga, ikarudisha karibu kila kinachoigonga. Tofauti kwa mita moja ni ndogo, lakini kanisa lina mamia ya mita za ukuta. Vigae vinavyong'aa vilivyopandishwa ukutani ni hasara tupu.

Wapo wanaotibu mvumo kwa zulia. Zulia humeza sauti nyembamba, zile zinazobeba herufi kama s na t, na ngoma ikabaki inanguruma kama mwanzo. Dari la mbao nyembamba lenye nafasi ya hewa juu yake hushika mvumo mzito vizuri zaidi. Lakini usitamani ukimya wa studio. Kwaya inahitaji karibu sekunde 2 ili sauti nne zishikane. Waimbaji wakianza kupiga kelele ili wasikiane, jengo limekaushwa kupita kiasi.

Spika ziwashwe mwisho. Nyembamba za wima, zikielekezwa kwa watu na si darini, zinatosha. Ukisikia neno likifika mara mbili, moja kutoka mbele na jingine kutoka spika ya pembeni yako, fundi mitambo hajachelewesha zile za nyuma ipasavyo, arekebishe.

Linabaki paa. Mabati yasiyo na dari zito chini yake huzima mahubiri mvua inapoanza, na hakuna kofi la kiangazi litakalokuonyesha hilo. Mkataba useme wazi kwamba sehemu ya malipo ya mwisho itatolewa baada ya mvua kubwa ya kwanza ya vuli, katekista akiwa mimbarini na matangazo yake, nawe ukiwa benchi lile lile.