Kupima Anime ya Mabinti wa Miujiza kwa Macho ya Mtu Mzima

Ukirudi kuitazama Sailor Moon ukiwa umeshavuka miaka thelathini, kitakachokuchosha mapema ni kile kile kilichokufurahisha utotoni: kila kipindi kinafanana na kilichotangulia. Usagi, binti ambaye ndiye mhusika mkuu, kachelewa shule, kwenye mtihani kapata alama za aibu, jini limejificha kwenye duka la vito au klabu ya tenisi, Usagi anajigeuza, jini linateketea. Zidisha hayo mara 200, maana ndiyo idadi ya vipindi vilivyorushwa Japani kuanzia Machi 1992 hadi Februari 1997. Wengi hufika kipindi cha sita wakazima, wakisema utoto uliwafumba macho.

Wamezima mapema. Kazi za aina hii hujengwa kwa marudio kama taarabu inavyojengwa kwa kiitikio, na anayeijua taarabu hamlaumu mwimbaji kwa kurudia. Husikiliza ubeti uliotangulia umekipa kiitikio maana gani safari hii. Mpimaji basi ana swali moja kubwa: watengenezaji wameyatumia vipi marudio yao?

Anza na pale binti anapojigeuza. Miaka ile michoro ilifanyiwa kazi kwa mkono juu ya seluloidi, na sehemu hiyo ilichorwa mara moja kwa gharama na uangalifu, ikawekwa akiba, ikarushwa tena wiki baada ya wiki. Iliwaokolea wachoraji wa studio ya Toei muda, na papo hapo ilitangaza midoli, kwa kuwa bruchi na fimbo za Usagi ziliuzwa madukani na Bandai. Kujua hivyo hakuharibu utamu. Kunakufanya utazame vizuri zaidi, kwa mfano jinsi kucha za wenzake Usagi zinavyojipaka rangi wanapoinua mkono, hata kabla vazi halijatokea. Aliyechora hilo alimjua msichana wa miaka 14 anatamani nini, na hakulazimika kulichora ili bruchi iuzwe. Sehemu dhaifu ya kujigeuza huonyesha bidhaa ikaishia hapo. Iliyo bora humwonyesha na mwenye kuivaa.

Kisha ngoja siku marudio yatakapovunjwa. Mwishoni mwa msimu wa kwanza, Februari 1993, mabinti wanakwenda kwenye barafu ya Ncha ya Kaskazini, na wenzake Usagi wanne wanauawa mmoja baada ya mwingine. Watoto wa Japani walitikisika kwa sababu vipindi zaidi ya arobaini vilikuwa vimewafundisha kwamba jini hushindwa kabla ya saa ya kula. Zile wiki za klabu za tenisi zilizokuchosha ndizo zilizogharimia vipindi hivyo viwili vya mwisho. Linganisha na Sailor Moon Crystal ya mwaka 2014, iliyofuata kitabu asilia cha katuni cha Naoko Takeuchi kwa karibu na kuyafyeka mambo ya kila siku. Hadithi inakwenda mbio, lakini kila mtu anapokuwa hatarini unabaki umekaa tu, kwa kuwa hujapata nafasi ya kuwazoea. Na miili ile ya kompyuta kwenye kujigeuza kwa misimu miwili ya mwanzo ni ya plastiki tupu, sitafuti neno la upole.

Kunihiko Ikuhara, aliyeongoza sehemu kubwa ya Sailor Moon kabla ya kuondoka Toei, alilichukua somo hilo la marudio akalipeleka mbali kwenye Revolutionary Girl Utena ya mwaka 1997. Utena anapanda ngazi zile zile kwenda uwanja wa upanga, kwa kwaya ile ile ya J. A. Seazer, hadi unaanza kushuku kwamba kurudia kwenyewe ndiko kifungo chake. Puella Magi Madoka Magica ya mwaka 2011 ina vipindi 12 tu, ila mbinu ni hiyo hiyo. Kipindi cha 10 kinaanza bila wimbo wa ufunguzi. Unasubiri. Wimbo unakuja mwishoni, baada ya kuona alichopitia Homura, rafiki wa Madoka, na maneno uliyodhani ni ya Madoka yanakuwa ya mtu mwingine kabisa. Hawakuandika wimbo mpya, waliuhamisha mahali.

Cardcaptor Sakura (1998–2000), iliyoongozwa na Morio Asaka katika studio ya Madhouse, ilikataa kabisa kujigeuza. Sakura hana vazi la uchawi. Nguo anashonewa na rafikiye Tomoyo, mpya kila mara, na Tomoyo huyo huyo anamrekodi kwa kamera. Ukiwa mtoto unaziona nguo tu. Ukiwa mtu mzima unamwona babake Sakura, Fujitaka, mhadhiri aliyefiwa na mke, akiandaa kifungua kinywa huku picha ya marehemu ikiwa mezani na watoto wakiwa na zamu zao za kazi za nyumbani. Hakuna anayelia. Ni asubuhi tu, na inarudi tena na tena mpaka nyumba inakuwa ya kweli kuliko kadi zote za uchawi anazozisaka Sakura.

Kwa hiyo ukitaka kupima kazi usiyoijua, kipindi cha kwanza na cha mwisho viache kando. Hapo kila studio huweka wachoraji wake wazuri. Chukua cha katikati kisichosogeza hadithi. Mfano wangu wa kudumu ni kipindi cha 40 cha Ojamajo Doremi Dokkan!, cha mwaka 2002, kilichoongozwa na Mamoru Hosoda. Rafiki za Doremi kila mmoja ana kipaji na mipango yake, yeye hana. Akirudi nyumbani peke yake anafika njia panda, anashika njia asiyoizoea, anamkuta mwanamke fundi wa vyombo vya kioo ambaye zamani alikuwa mchawi akaacha. Uchawi karibu haupo. Kinachorudi ni ile njia panda, kamera ikiwa imesimama pale pale, na kila Doremi anapofika hapo uamuzi unakuwa mzito zaidi. Studio inayomwachia mwongozaji nafasi hiyo katikati ya msimu wa kuuza midoli inajiheshimu.

Yapo ambayo utu uzima hauwezi kuyafumbia macho, na ufundi hauyatetei. Katika anime ya Sailor Moon, Mamoru, mpenzi wa Usagi, ni mwanafunzi wa chuo kikuu, naye Usagi ana miaka 14. Katika Sakura, mapenzi ya mwalimu Terada na mwanafunzi wake Rika yamepunguzwa makali kuliko kitabuni, lakini bado shingo inakukakamaa. Yahesabu kama kasoro, uendelee.

La mwisho ni toleo. Sailor Moon ya Kiingereza iliyotolewa na DIC mwaka 1995 ilivibana vile vipindi viwili vya barafuni vikawa kimoja, na mabinti waliouawa wakasemekana wameshikiliwa mateka. Baadaye, kwenye misimu iliyotafsiriwa na kampuni nyingine, mabinti Haruka na Michiru, ambao ni wapenzi, wakafanywa mabinamu. Cardcaptors iliyorushwa Marekani ilianzia kipindi cha 8 ili mvulana apewe nafasi kubwa, ikabadilishiwa na muziki. Ukipima kwa matoleo hayo unampima mkata filamu. Tafuta Kijapani chenye manukuu, au Sailor Moon ya Viz iliyoanza kutolewa mwaka 2014 bila kukatwa, na usitazame zaidi ya vipindi viwili kwa siku. Vilitengenezwa vije mara moja kwa wiki.