Kecleon: kinyonga aliyegeuzwa hesabu

Mchezaji wa Pokémon Ruby au Sapphire akifika mji wa Fortree hukuta ukumbi wa mashindano haufikiki. Hakuna jiwe njiani, hakuna ukuta wala mlinzi. Akisogea anaambiwa tu kwamba kitu kisichoonekana kimemziba. Itambidi aende hadi Njia ya 120, akutane na mhusika aitwaye Steven, apewe chombo kiitwacho Devon Scope, kisha arudi. Hapo ndipo mzibaji anapofichuka: mjusi wa kijani mwenye mkia uliojikunja kama konokono, na tumboni mstari mwekundu wa zigizaga. Jina lake Kecleon, namba 352 katika orodha ya viumbe vya mfululizo huo. Michezo hiyo miwili ilitoka Japani tarehe 21 Novemba 2002, kwa mashine ya Game Boy Advance.

Anayeishi Lubumbashi hahitaji kuelezwa Kecleon ametokana na mnyama gani. Kinyonga wetu, yule ambaye wataalamu humwita Chamaeleo dilepis, anaishi katika miombo ya Katanga na huingia hadi kwenye bustani na nyua za watu. Kwa hiyo sisi tuna nafasi nzuri ya kukagua kazi ya Game Freak, kampuni iliyotengeneza michezo hiyo. Ninavyoiona mimi, ndani ya kaseti moja waliunda vinyonga wawili tofauti. Wa kwanza, yule wa kujificha, amejengwa juu ya imani ya watu. Wa pili, yule wa vitani, alikaribia ukweli wa mnyama kuliko wengi wanavyodhani.

Tuanze na wa kujificha, maana ndiye rahisi. Kwenye ramani ya mchezo kila mtu na mnyama ni kitu kilichowekwa mahali pake na kupewa sifa mbili: picha ya kuonyeshwa, na amri ya kumzuia mchezaji asipite. Kwa Kecleon wa Fortree na wenzake wa Njia ya 119 na 120, picha imezimwa na kizuizi kimeachwa. Basi. Devon Scope inapotumika, picha huwashwa, humulikamulika, na pambano linaanza, au, kama ilivyo Fortree, mnyama anakimbia zake. Ni ufundi wa bei nafuu sana, na unafanya kazi vizuri kwa sababu mchezaji anahisi kizuizi kwa kidole kabla hajakiona kwa jicho. Maelezo ya kiumbe huyo mchezoni yanasema anaweza kubadili rangi ya mwili mzima isipokuwa ule mstari wa tumboni. Lakini kwenye ramani ya mwaka 2002 hata mstari haukuachwa. Ahadi hiyo ilitimizwa baadaye sana, Kecleon alipoingia Pokémon GO mwezi Januari 2023: hujibandika kwenye vituo vya mchezo, mwili wake ukiwa umefifia, mstari mwekundu ukibaki, na mchezaji anamgonga mara kadhaa mpaka atoke.

Kinyonga halisi hafanyi hivyo. Hapotei, wala hachunguzi rangi ya tawi kisha akainakili. Ukijani wake unamficha kwenye majani, hilo ni kweli, lakini ni rangi yake ya kawaida ya kutulia. Mabadiliko makubwa yana sababu nyingine: joto, mwanga, hofu, ugomvi, uchumba. Mwaka 2008 Devi Stuart-Fox na Adnan Moussalli walichapisha utafiti juu ya vinyonga wadogo wa Afrika Kusini, wakaonyesha kwamba spishi zenye uwezo mkubwa wa kubadilika ni zile ambazo madume yake hujionyesha kwa rangi zinazoonekana wazi. Haikuwa kwamba makazi yao yana mandhari ya aina nyingi zaidi. Yaani uwezo huo ulikua kwa ajili ya kuonekana. Na usiku, wakati ambao tungetegemea afifie kabisa, kinyonga aliyelala hupauka. Ndiyo maana watafiti huwatafuta kwa tochi: kwenye kichaka cheusi, mwili uliopauka unang'aa.

Sasa twende vitani, maana hapo ndipo kazi yenyewe ilipo.

Mchezoni kila kiumbe na kila shambulio lina aina yake, na Kecleon anaanza pambano akiwa wa aina ya kawaida. Akipigwa na shambulio lenye madhara, anageuka kuwa wa aina ya shambulio lile. Apigwe moto, anakuwa wa moto. Apigwe maji, anakuwa wa maji. Pigo lenyewe huhesabiwa kwanza kwa aina aliyokuwa nayo, mabadiliko huja baadaye. Akitolewa uwanjani anarudi alivyokuwa. Sheria ni hiyo tu, lakini ukiiweka juu ya jedwali la aina 17 za wakati ule, inaleta mambo ambayo hayaonekani mara moja.

Aina tisa kati ya hizo hujikinga zenyewe, yaani shambulio la aina ileile huleta nusu tu ya maumivu: moto, maji, majani, umeme, barafu, sumu, nguvu za akili, giza na chuma. Sita hazijikingi wala hazijidhuru: kawaida, ngumi, anga, ardhi, mwamba na wadudu. Mbili, mizimu na joka, hujiumiza maradufu. Kwa hiyo anayerudia shambulio lilelile dhidi ya Kecleon, mara nyingi atakuta pigo la pili limepoteza nusu ya nguvu.

Kuna jambo jingine ambalo wachezaji wa leo hulisahau. Mwaka 2002 aina ya shambulio ndiyo iliyoamua linapimwa dhidi ya ulinzi upi. Aina nane, yaani moto, maji, majani, umeme, barafu, akili, joka na giza, zilipimwa dhidi ya ulinzi maalumu. Tisa zilizobaki zilipimwa dhidi ya ulinzi wa kawaida. Kecleon ana pointi 120 za ulinzi maalumu na 70 tu za ulinzi wa kawaida. Hesabu sasa: katika zile aina nane, saba hujikinga zenyewe. Katika zile tisa, ni mbili tu. Pointi zake nyingi zimewekwa palepale ambapo kubadilika kwake kunamfaa zaidi. Sidhani ni bahati. Na kasi yake ni 40, ndogo sana, kwa hiyo mara nyingi hupigwa kwanza, akageuka, kisha akajibu. Akiwa na shambulio la aina ile aliyoipata, jibu lake huongezewa nusu ya nguvu. Uzito wa mwendo, ambao kwa viumbe wengine ni hasara tupu, kwake umekuwa sehemu ya mpango. Ilipofika Diamond na Pearl mwaka 2006, kila shambulio lilianza kupangiwa ulinzi wake bila kujali aina, na uwiano huu mzuri ukalegea.

Udhaifu wake umo katika sheria ileile. Anayeshika rangi ya Kecleon ni adui yake. Chukua mpinzani mwenye mashambulio matatu: maji, umeme, ardhi. Pigo la maji linamfanya wa maji. Umeme unampiga maradufu na kumfanya wa umeme. Ardhi inampiga maradufu na kumfanya wa ardhi. Maji tena, maradufu, na mzunguko unaanza upya. Kila baada ya pigo anavaa vazi ambalo pigo linalofuata limeandaliwa kulichana. Tiba iliyokuwepo ni ya mapambano ya wawili kwa wawili, ambayo yalianza katika michezo hii hii: mwenzake wa upande mmoja anaweza kumgusa kwa shambulio dhaifu ili kumpa aina inayotakiwa. Ni mbinu ya ajabu, kumpiga rafiki ili kumsaidia, lakini ipo na inafanya kazi.

Hapa ndipo ninaposema waliukaribia ukweli. Rangi ya Kecleon vitani inajibu kinachompata. Haijibu mahali aliposimama. Angeweza kupewa sheria ya kugeuka majani akiwa msituni na maji akiwa ziwani, na watu wangesema ndivyo kinyonga alivyo. Badala yake aliyemuunda alimfanya mnyama anayeguswa na adui, halafu mwili wake unajibu. Kinyonga wa Katanga akishikwa hufanya jambo la ukoo huohuo: hujaza hewa, huinua vile vipande vya ngozi vilivyo nyuma ya kichwa, hufungua kinywa, hutoa sauti ya kufoka, na rangi yake inabadilika akiwa mkononi mwako. Katika Afrika ya Kati na Mashariki wengi humwogopa kwa sababu ya onyesho hilo, na wengi humuua. Hana sumu. Anachofanya ni kumwambia mshikaji amwache.

Tofauti ni namna mwili unavyofanya. Mwaka 2015 kundi la Michel Milinkovitch wa Chuo Kikuu cha Geneva lilieleza jambo hilo kwa kinyonga wa Madagaska aitwaye Furcifer pardalis. Ndani ya ngozi kuna seli zenye fuwele ndogo mno za guanini, zilizopangwa kwa nafasi sawa. Fuwele zikikaa karibu, zinarudisha mwanga wa buluu. Ukipitia rangi ya manjano iliyo juu yake, jicho linaona kijani. Mnyama akisisimka, nafasi kati ya fuwele hupanuka, na mwanga unaorudi husogea kuelekea manjano na nyekundu. Hakuna rangi mpya inayotengenezwa. Kinachobadilika ni umbali.

Ajabu ni kwamba Game Boy Advance ilikuwa na njia ya kufanya kitu kinachofanana sana na hicho, na haikutumika. Picha ya Kecleon vitani ni mraba wa pikseli 64 kwa 64, na kila pikseli haishiki rangi, inashika namba ya nafasi katika orodha ya rangi 16. Ukibadilisha orodha, mnyama mzima anabadilika bila kuchorwa upya. Kila kiumbe tayari kilikuwa na orodha mbili, ya kawaida na ya wale adimu wanaometameta. Rangi moja huchukua baiti 2, orodha moja baiti 32. Orodha 17, moja kwa kila aina, zingechukua baiti 544, ndani ya kaseti yenye megabaiti 16. Hata hivyo Kecleon akigeuka moto, maandishi yanasema amegeuka, na kwenye skrini anabaki wa kijani vilevile. Katika kaseti hiyohiyo Castform, kiumbe cha hali ya hewa, alipewa picha tofauti kwa jua, mvua na mvua ya mawe. Kinyonga pekee katika mchezo, ambaye habari yake yote ni rangi, ndiye aliyeachwa na ngozi isiyobadilika. Kwangu hilo ndilo kosa kubwa zaidi la kazi hii, kubwa kuliko lile la kumfanya asionekane, kwa sababu kutoonekana kulijenga fumbo zuri na huku kubaki kijani hakukujenga chochote.

Mwaka 2013, katika X na Y, Kecleon alipata uwezo wa pili uitwao Protean: katika michezo hiyo aligeuka kuwa wa aina ya shambulio alilolitumia yeye, kabla ya kulitumia. Uamuzi ulitoka kwa adui ukaingia kwake, na kila shambulio lake lilipata ile nyongeza ya nusu. Huyo ni kinyonga anayetangaza, anayesema kwa ngozi yake anachokusudia, na ukiweka kando fuwele na baiti, ndiye aliyekaribia zaidi madume ya Stuart-Fox. Sifa hata hivyo zilikwenda kwa Greninja, chura aliyepewa uwezo uleule pamoja na kasi ya 122.

Ulimi nao haukutendewa haki. Mwaka 2002, miongoni mwa mashambulio ambayo Kecleon alianza nayo lilikuwa kulamba, lenye nguvu 20 wakati ule, hafifu kabisa. Mwaka 2016 Christopher Anderson alipima ulimi wa Rhampholeon spinosus, kinyonga mdogo wa milima ya Usambara, Tanzania, akapata mchapuko wa mita 2,590 kwa sekunde kwa sekunde, zaidi ya mara 260 ya mvutano wa dunia. Msuli peke yake hauwezi kitu kama hicho. Msuli unabana kwanza ala za kolajeni zilizozunguka mfupa wa ulimi, nishati inahifadhiwa humo, kisha inaachiliwa kwa mkupuo, kama mshale unaotoka kwenye upinde. Ndiyo maana baridi haimzuii sana: mwaka 2010 Anderson na Stephen Deban walionyesha kwamba kurusha ulimi kunaendelea vizuri hata mwili ukiwa kwenye nyuzi 15, ilhali kuurudisha kinywani, kazi ya msuli mtupu, kunazorota. Kwa mnyama anayeamka katika asubuhi za Juni na Julai za Lubumbashi, kwenye mwinuko wa zaidi ya mita 1,200, hiyo ndiyo tofauti ya kula na kulala njaa.

Atakayeunda kinyonga wa mchezo kutoka hapa kwetu hataanza na mikono mitupu. Gaston-François de Witte aliongoza msafara wa kukusanya wanyama wa Hifadhi ya Upemba kati ya mwaka 1946 na 1949, juzuu ya reptilia ikatoka mwaka 1953, na mwaka 1965 alichapisha kitabu kizima cha vinyonga wa Kongo, Rwanda na Burundi. Maumbo, magamba na mahali walipopatikana vimo humo. Ningeanza na orodha ya rangi kwa kila hali, si kwa kila mandhari: ya usiku iliyopauka, ya asubuhi ya baridi iliyokolea ili kunyonya jua, ya kutulia ya kijani, ya hasira. Kasi ndogo ningeiacha ilivyo. Ulimi ningeupa shambulio moja tu kwa raundi kadhaa, lenye nguvu kubwa, linalotangulia kasi ya yeyote, na lisilopunguzwa na barafu.