Aileen Riggin na Subira ya Ubao

Tazama miguu kwanza. Mchupaji anapiga hatua chache juu ya ubao, anaruka kidogo, anatua nchani kwa miguu yote miwili. Ubao unainama. Hapo ndipo wengi huharibu: mwenye pupa hujirusha kabla ubao haujamaliza kushuka, akaanguka majini kama gunia. Anayeijua kazi husubiri. Ubao ukianza kurudi juu ndio utakaombeba. Yeye ni kunyooka tu na kuondoka nao.

Subira hiyo ndiyo inayonifanya nimstahi Aileen Riggin. Alipofika Antwerp, Ubelgiji, kwa Olimpiki ya mwaka 1920 alikuwa na miaka 14, kimo hakifiki mita moja na nusu, uzito kama kilo 29. Mbao za enzi zile zilikuwa za mti, nzito na ngumu, mara nyingi zimetandikwa mkeka wa makumbi ya nazi ili miguu isiteleze. Mtu mzima huupinda ubao wa namna hiyo kwa uzito wake. Mtoto wa kilo 29 ataupinda kwa nguvu gani? Hana ila kujua wakati. Akiwahi au akichelewa kidogo tu, ubao haumpi kitu.

Kuogelea alikuwa amejifunza Manila, baba yake, ofisa wa jeshi la majini la Marekani, alipokuwa kazini Ufilipino. New York alilelewa na chama cha wanawake waogeleaji kilichoanzishwa mwaka 1917 na Charlotte Epstein, mwandishi wa hatimkato mahakamani, ambako kocha Louis de Breda Handley alifundisha bila kulipwa. Wakubwa wa michezo walisita kuwapeleka Ulaya wasichana wadogo kiasi kile. Akina Epstein wakashikilia mpaka wakapelekwa. Walivuka bahari kwa meli ya kubebea askari, Princess Matoika. Sitahani palikuwa na hodhi dogo la turubai, na mwogeleaji alifungwa kamba akapiga maji palepale, bila kusonga mbele.

Antwerp nako hakukuwa na bwawa la vigae. Walishindana katika handaki la maji, maji yenyewe baridi na meusi. Riggin alisimulia baadaye kwamba alihofia kuzama hadi chini na kunasa kwenye tope. Hebu mweke akilini msichana huyo hewani, kichwa chini, mikono imetangulia, hajui vidole vitagusa nini. Hofu haifichiki mwilini: kichwa huinuka, magoti hulegea, maji yakaruka kila upande. Yeye alinyooka hadi nyayo zikazama. Lilikuwa shindano la kwanza la wanawake la ubao wa kuchupia katika Olimpiki, na dhahabu ikawa yake. Fedha ilikwenda kwa Mmarekani mwenzake, Helen Wainwright.

Miaka minne baadaye, Paris, alipata fedha ya ubao na shaba ya mita 100 kwa mgongo, mwanamke wa kwanza kupata medali za kuchupa na za kuogelea katika Olimpiki moja. Kwangu mimi hili ni kubwa kuliko ile dhahabu. Mchupaji huyaomba maji yafunguke na kujifunga kimya kama hakupita mtu. Mwogeleaji huyakamata, akayavuta, akayasukuma nyuma. Ni tabia mbili zinazokinzana, naye mwili wake ulizijua zote mbili.

Katika miaka hiyo, pamoja na mwandishi wa michezo Grantland Rice, alishiriki filamu za mafunzo zilizopigwa chini ya maji na za mwendo wa polepole. Mwendo wa polepole ulimfaa. Kosa ambalo jicho la kawaida hulikosa, huko huonekana wazi, na msichana anayejifunza huweza kuona ni wakati gani hasa nyayo zinaachana na ubao.

Alifariki Honolulu mwaka 2002, akiwa na miaka 96. Alipokuwa na miaka 85 alikuwa bado anaogelea mashindano ya wazee, akiweka rekodi za dunia za rika lake.