Karani Asome, Umati Uimbe

Tarehe 4 Oktoba 2022, wanafunzi tisa walikamatwa Kampala katika maandamano ya kupinga bomba la mafuta ghafi la kilomita 1,443, linalotoka Hoima hadi Tanga. Shtaka lao? Kuwa kero kwa umma. Kesi ilikokotwa hadi Novemba 2023, ndipo ikatupiliwa mbali.

Jambo zito, shtaka jepesi. Mtunzi wa mchezo wa muziki hapati mtaji mzuri kuliko huo, na Kenya ina mfano wa jinsi ya kuutumia.

Dedan Kimathi, kiongozi wa vita vya msituni, alishtakiwa Nyeri mwaka 1956 kwa kupatikana na bastola bila kibali. Ngũgĩ wa Thiong'o na Micere Githae Mugo, katika tamthilia inayojulikana kwa Kiswahili kama Mzalendo Kimathi, waliliacha shtaka hilo likavu vilevile. Linasomwa, Kimathi ananyamaza. Linarudiwa, bado kimya. Yale ambayo mahakama haitaki kuyasikia, utumwa, ardhi na kazi ya shuruti, yanaingia kwa nyimbo, ngoma na maigizo bubu. Hakimu haimbi, na ni sawa: akiimba tu, mahakama inapoteza makali yake.

Mbinu hii inafaa sana Kibera na Kawangware, mitaa ya Nairobi, ambako sanaa ya mtaani huchezwa uwanjani, bila pazia wala taa. Pale Kamukunji, Kibera, ngoma ndiyo tiketi: wimbo wa kwanza unaita watu, mduara unajifunga wenyewe. Kiitikio kiwe kifupi, umati ukidake mara ya pili. Kawangware, karibu na matatu za 46, ushahidi mrefu humezwa na honi. Sentensi mbili, kisha kiitikio.

Kuna silaha nyingine ambayo watunzi wengi huisahau: mkalimani wa mahakama. Hati ya mashtaka isomwe kwa Kiingereza, karani, ambaye ndiye mkalimani, aitafsiri kwa Kiswahili sanifu, mshtakiwa ajibu kwa Sheng. Kila Mkenya aliyewahi kukaa kwenye benchi la korti anaujua mwendo huo, na kila hatua ya tafsiri inaonyesha kilichodondoka njiani. Mchezo ukiwa wa Nairobi, shahidi mama aeleze masika ya 2024, maji yalivyopanda hadi kitandani na nyumba za kando ya mito ya Nairobi zilivyobomolewa baadaye. Karani afupishe yote hayo kwa neno moja: mvua. Hapo ndipo wimbo uanze.

Ugumu uko kwenye hukumu. Oktoba 1976, tamthilia ya Kimathi ilipochezwa Kenya National Theatre, watazamaji walitoka na waigizaji wakiimba hadi barabarani, kwa sababu Kimathi alihukumiwa kifo mbele yao na wimbo ukaupiku uamuzi huo. Kesi ya Kampala haina kilele kama hicho. Adhabu yenyewe ilikuwa nenda rudi ya mahakamani. Basi mchezo unaotokana nayo usibuni hukumu. Umalizike karani anapotangaza tarehe nyingine ya kesi kutajwa, washtakiwa wakihesabu nauli.